Harufu ya Petroli

Fundi yule alikuwa ametengeneza injini za ndege miaka ishirini na miwili, na bado kupanda ndege kulimnyima raha. Lakini kanuni ya karakana ilikuwa moja: aliyefungua injini hupanda siku ya kuijaribu. Basi asubuhi hiyo alikaa kando ya rubani, mdogo wa mkewe, akijifunga mkanda, akiufungua, akijifunga tena.

"Shemeji, tulia basi! Utanitikisia ndege," rubani alisema, akicheka.

Walizunguka juu ya mashamba robo saa, injini ikinguruma vizuri. Walipokuwa wanarudi, kiwanja kimeshaonekana, injini ikakohoa. Ikashika, ikakohoa tena. Kicheko kikamwisha rubani. Akainamisha pua ya ndege ili mwendo usipungue, akawaambia watu wa mnara kwa redio kwamba anakuja moja kwa moja, injini inasumbua.

Ndipo fundi akasikia harufu ya petroli. Ile nati ya bomba la mafuta! Aliizungusha kwa vidole, simu ikaita, akaenda kuipokea. Aliporudi, alishika spana au hakushika? Hakukumbuka.

"Mafuta yanavuja! Funga mafuta, tutaungua!"

"Bado."

"Shemeji, funga!"

"Nikifunga sasa hatufiki, tutaangukia magari barabarani. Fungua mlango wako kidogo, uuzuie kwa mguu usije ukakwama tukigonga chini."

Akauzuia, upepo ukimchapa. Barabara ikapita chini yao, kisha uzio. Hapo tu ndipo rubani alipofunga mafuta na kuzima kila kitu. Pangaboi la ndege likasimama. Magurudumu yakagonga lami, yakaruka, yakagonga tena, yakashika. Ndege iliposimama walitoka mbio, kila mtu na upande wake.

Watu wa zimamoto walipomaliza kazi yao, fundi akafungua kifuniko cha injini. Nati ilizunguka kwa kidole kimoja. Angeweza kuikaza, maana hakuna aliyemtazama. Akamwita rubani.

"Ni mimi. Sikuikaza."

Rubani aliitazama nati, kisha akamtazama yeye. Utani wote ulikuwa umemkauka. "Usiiguse. Nenda kaandike hivyo hivyo ulivyoniambia."

Aliandika mistari minne, mwandiko ukipinda. Mkuu wa karakana akamsimamisha kazi mwezi mzima. Nyumbani hakukukalika: alikaza bawaba za milango, akakaza miguu ya meza, akainuka kwenye kiti kila baada ya dakika mbili. Siku ya nne mkewe akampigia simu mdogo wake. "Njoo uongee na shemeji yako, atanibomolea nyumba."

Rubani alikuja, akasimama mlangoni, hakutaka kukaa.

"Bado nina hasira na wewe," alimwambia. "Lakini wakiniuliza nani aifungue tena injini ile, nitakutaja wewe."

Fundi akaitikia kwa kichwa. Alitamani kuuliza kama atakubali kuruka naye tena, ila akamsindikiza tu hadi nje.