Aya ya Kwanza ya Karimi

Niliondoka Embu asubuhi moja bila mpango, nikiwa na shati la kubadilisha na gazeti la wiki iliyopita. Saa nane mchana nilikuwa Meru, mbele ya kituo cha chuo kikuu kilichofundisha uandishi kwa posta. Walihitaji mtu wa kupanga insha.

"Umesoma hadi wapi?" Mkurugenzi wa Uandishi aliniuliza.

"Darasa la sita, mama. Lakini husoma hata karatasi iliyofungiwa sukari."

Alicheka, akanipa gunia la bahasha. Nilianza kazi siku hiyo hiyo.

Ninyi mnaosomea kwenye simu, kazi ilikuwa hivi. Mwanafunzi aliandika insha kwa mkono, akaituma. Tulibandika juu yake karatasi ya maoni, msahihishaji akaijaza, insha ikarudi kwa mwenyewe. Mimi nilizisoma zote kabla ya kuzipanga. Baada ya miaka michache nilimtambua mwandishi kabla sijaona jina, na Mkurugenzi akanifanya msaidizi wake.

Mwishoni mwa miaka ya tisini ikaja kompyuta. Insha sasa zilipigwa chapa, zikaletwa kwa disketi, nasi tukazituma makao makuu kwa barua pepe. Wanafunzi wetu hawakuwa na kompyuta, kwa hiyo wengi walimwendea Kendi, mpiga chapa wa Makutano.

Muda si muda likaja jibu kutoka makao makuu: insha tano zilikuwa na aya ya kwanza moja, neno kwa neno. Wameibiana, wafutwe. Mmoja wao alikuwa Karimi, mwalimu wa chekechea huko Laare, aliyebakiza insha hiyo moja tu apate cheti. Ilianza: "Kwa heshima na taadhima nachukua fursa hii adhimu..."

"Huyu si Karimi," nilisema.

"Bwana Njeru, siwezi kubishana na aya tano zinazofanana," Mkurugenzi akajibu. "Niletee ushahidi."

Nilimkuta Karimi shuleni kwake.

"Bwana Njeru, umekuja kunifukuza mwenyewe?"

"Nimekuja kuomba daftari lako."

Rasimu yake ilianza hivi: "Mama hajui kusoma, lakini akishika kitita cha miraa atakwambia kimetoka shamba la nani."

Nilimpelekea Kendi daftari hilo, naye hakuona kosa. "Hata salamu hakuweka! Utaingiaje kwa watu wa chuo kikuu bila salamu? Nina utangulizi mzuri kwenye disketi, humwekea kila mtu. Bure!"

"Umewavika watu watano koti moja, Kendi."

"Na limewatosha!"

Mkurugenzi alituma maelezo hayo, wote watano wakaruhusiwa kuleta insha upya. Ya Karimi niliichapa mimi, kwa vidole viwili, bila kugusa neno. Alipata cheti. Tangu hapo kila disketi ililetwa pamoja na rasimu ya mkono.

Sasa nimestaafu. Watu huniuliza kama mashine iliharibu uandishi. Sidhani. Ila tulipoacha karatasi tulipoteza mwandiko, tukabaki na maneno ya mtu tu. Na hayo ndiyo anayoyagusa kwanza mtu anayetaka kukusaidia, tena kwa wema.

Juzi niliondoka tena bila mpango, nikashukia Siakago. Mama mmoja alikuwa na chumba cha kupangisha. Mlangoni palikuwa na masharti yaliyochapwa: "Wapangaji wapendwa, kwa heshima na taadhima..."

"Haya uliyaandika wewe?"

"Waliniandikia pale saiba, kwenye kompyuta za kulipia. Yangu walisema hayafai."

"Yako yalisemaje?"

Alitazama chini, kisha akacheka. "Maji ni haba. Ukioga mara mbili, hama."

Nikaingiza mkoba wangu ndani.