Jina la Emanikor Kwenye Nguzo

Watu wa mtaa wa Chechelesi wana maneno, lakini siku ile hata wao walikosa la kusema.

Kona ile iliitwa Kwa Emanikor tangu zamani. Emanikor alikaa pale akikata matairi makuukuu na kushona akala, viatu vya wachungaji, na ukipanda bodaboda ulisema tu, "Niache kwa Emanikor." Kisha akaenda Gotu kufuata mbuzi wa mama yake, asirudi. Kona ikabaki na jina, mkewe Akal, Mama Linda, akabaki na kigoda cha mumewe. Alianza kuuza chai papo hapo, na ole wako ukikikaribia kigoda kile. "Hapo pana mwenyewe!" Na kila jioni alimmiminia mumewe kikombe, akakifunika kwa kisahani. Watu walinyamaza, naye akadhani ni heshima.

Basi kaunti ikataka kila barabara iwe na nguzo yenye jina. Lo, mtaa ukawaka moto! Waborana wanataka mzee wao, Wameru wao, Wasomali wao, Waturkana wao. Mwenyekiti wa mtaa, Salesio muuza miraa, asiyependa kelele isipokuwa zake mwenyewe, akakata shauri: majina yawe ya marehemu peke yake, maana aliye hai kesho ataombea kura kwenye nguzo hiyo. Wote wakakubali. Akal alikuwepo na birika lake, na makofi akapiga.

Siku ya kufunua nguzo ya kona, Salesio akavuta kitambaa. BARABARA YA EMANIKOR. Aliyeanza vigelegele ni Akal mwenyewe, birika mkononi, machozi ya furaha yakimtoka. Mume wake! Mshona akala! Halafu vigelegele vikakatika. Alikuwa amekumbuka lile sharti.

"Mwenyekiti, si mlisema ni marehemu peke yake?"

"Ndiyo, Mama Linda."

"Sasa nani amekwambia huyu amekufa?"

Salesio akababaika. "Mama... kwani wewe hukuambiwa?"

Akal akawatazama. Gumato wa maziwa akainamisha kichwa. Nkirote wa mboga akageukia ukuta. Mungu wangu, wote walijua! Birika likamponyoka, chai ya moto ikammwagikia miguuni, wala hakuisikia.

Jamani, hapa mimi hukasirika mpaka leo. Habari ilifika mtaani kitambo: mto ulifurika Emanikor akivuka, wachungaji wakamzika huko huko. Lakini kwetu habari ya kifo haipelekwi na jirani. Hupelekwa na mtu wa ukoo, aketi, anywe chai, ndipo aseme. Gumato akasema hiyo si kazi yangu, Nkirote vile vile. Apua, mdogo wake marehemu, akaja kweli. Akaketi, akapewa chai, akaona kikombe cha kaka yake kando kimefunikwa, ulimi ukawa mzito. Akaaga akijiambia kesho. Mtaa ulipomwona anatoka ukasema basi, ameshamwambia. Hata kile kikombe cha jioni walikiona ndiyo namna yake ya kuomboleza. Mficha maradhi, kilio humfichua, nacho kilio chenyewe kikaja kutundikwa juu ya nguzo mchana kweupe.

Apua akasogea. "Shemeji, nisamehe. Kila nikija nilitaka kusema."

Akal alikuwa bado anaisoma ile nguzo.

"Miaka yote hii mkisema kwa Emanikor, kwa Emanikor," akawaambia, "mimi nilidhani mnamngoja pamoja nami."

Salesio alitaka kusema neno la faraja, lakini Akal akamwinulia mkono.

"Funika, Mwenyekiti."

"Mama Linda, wageni wa kaunti wako hapa..."

"Funika kwanza. Mimi bado sijamlilia."

Salesio akaokota kitambaa vumbini, akakirudisha kwenye nguzo. Akal akaenda mpaka kwenye kile kigoda, akakikalia.