Grisi Isiyotoka

Siku ile tuliyotawadha mtoni naikumbuka mpaka leo, mjukuu wangu, na bado najikasirikia. Ilikuwa zamani za Mjerumani, reli imeshafika Morogoro, na kaka yangu Shomari alikuwa akipaka grisi magurudumu ya mabehewa. Alipoinua mguu auoshe, nikaona doa jeusi kisiginoni, dogo kama punje ya mtama.

"Kaka, hiyo grisi ya Mjerumani haitoki?" nikamtania.

"Itatoka tu," akajibu, akashusha mguu. Basi, yakaishia hapo!

Haikuwa grisi. Kila tulipotawadha niliona linatanuka, kingo zimepindapinda, hapa jeusi, pale kahawia. Lilikuwa haliumi, nami nikanyamaza. Sijui macho nilipewa ya nini! Lilipoanza kutoa damu tukasema ni mwiba, nikalichokoa kwa wembe, mimi mwenyewe, tena kwa majivuno. Kisha akavimba mtoki kinenani, akakonda, na mavuno hayakumkuta hai.

Siku ya kumwosha, mjomba wetu, mkubwa wa ukoo, aliushika ule mguu akauliza nani aliliona doa lile. Nikasema mimi.

"Mara tano kwa siku mnaosha miguu pamoja," akasema, "halafu mguu wa kaka yako naja kuutazama mimi, naye maiti? Ulikuwa unaosha nini wewe?"

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Shomari hakuficha kitu. Aliniinulia mguu mbele ya macho yangu.

Ndiyo maana nachoka nanyi! Hospitali ipo, gari lipo, na bado mwaniambia, "Babu, ni alama tu." Tazama nyayo, viganja na chini ya kucha. Doa jipya linalotanuka, lenye rangi mbili, au kidonda kisichopona mwezi mzima, usilichokoe wala usilipake dawa ya jirani. Nenda kwa daktari lingali dogo, maana huenda ni saratani ya ngozi, kama ile ya Shomari. Na mdogo wako yule aliyezaliwa bila weusi wa ngozi, jua lisimkute hana kofia pana na mikono mirefu. Ukiona doa la mwenzako, sema, hata akinuna.

Mungu akupe macho yanayoona na ulimi usioona haya, uzeeke na nyayo zako safi. Amina. Haya, vua viatu nione.