Fundi Aliyesema “Sawa, Bosi”

Juzi nikiwa Laela nangoja basi, mnunuzi mmoja wa mahindi alinipa habari kwamba yule fundi wa kompyuta tuliyemzoea Chanji amefariki, na wameshamzika kwao Mwazye. Nilisikitika, msomaji wangu, kisha nikakasirika. Siwezi kuwa mnafiki kwa sababu tu mtu amekufa.

Alikuwa amepunguzwa kazi shirika lake la umma lilipobinafsishwa. Akahangaika, mwisho akapata kazi kwenye duka la intaneti hapa mtaani kwetu Chanji, Sumbawanga. Seva yao, yaani kompyuta kuu ya duka, ilihifadhi kwenye memori kurasa zilizokwisha kufunguliwa, ili mteja mwingine asizingoje upya kutoka kwenye satelaiti. Fundi aliiwekea kikomo: kurasa zisizidi nusu ya memori hiyo. Mwenye duka, tajiri wa mahindi ambaye magunia ghalani mwake hugusa bati, alipoambiwa hivyo alifoka.

“Memori nimenunua mimi, halafu nusu imekaa bure? Jaza yote!”

“Sawa, bosi.”

Tajiri alipotoka, mimi niliyekuwa mteja wao wa kila siku nilimuuliza fundi kama ni sawa kweli.

“Hata kidogo, kaka. Hiyo nusu ndiyo mashine inafanyia kazi zake. Ikikosa nafasi itaanza kuhamishia vitu kwenye diski, ambayo ni ya polepole, na kuvirudisha, nenda rudi, mpaka ikwame.”

“Sasa mbona hukumwambia?”

“Nikifukuzwa na hapa, watoto watakula nini?”

Akakiondoa kikomo kwa mkono wake mwenyewe. Haikupita wiki, ukurasa mmoja ukawa unachukua muda wa kusonga ugali, diski inakoroma, wateja wanaondoka wakisonya. Tajiri akaja juu: “Wewe fundi gani? Umeniulia mashine! Toka!” Nilipojaribu kumweleza, alinicheka. “Mwandishi unajua nini? Mbona mwenyewe hasemi?” Fundi alichukua koti lake akaenda zake.

Soko huria limetuletea matajiri wanaodhani kila kitu ni ghala, na hilo linanichoma. Lakini kiburi chao tunakilea sisi tunaojua, tunaojificha nyuma ya “mwenye nguvu mpishe”. Upuuzi mtupu! Tajiri yule anajua mahindi. Mengine asipoambiwa atayajulia wapi?

Ukijua, sema. Huenda ukafukuzwa, sikatai. Rafiki yangu alinyamaza ili asifukuzwe, akafukuzwa vilevile, na amekwenda kaburini Chanji nzima ikimjua kuwa ni fundi aliyeua mashine.