Orodha ya Kasoro za Mwanangu

Kosa la kwanza nililifanya kwa mdomo wangu mwenyewe. Siku mwanangu alipopandishwa kutoka timu ya vijana na kukabidhiwa jezi namba kumi ya wakubwa, niliingia kwenye mgahawa wetu wa ghorofa ya pili, nyuma ya Barabara ya Zhanqian hapa Guangzhou, China, nikawatangazia Watanzania wote waliokuwa wanakula kwamba leo nalipa mimi. Wakauliza kuna nini. Nikawaambia. Watu waliinuka wakanikumbatia, na mama mpishi, mwanamke wa Tanga, alipiga vigelegele mpaka Mchina wa duka la vifungo la chini akapanda ngazi kuangalia kama kuna moto. Nilijiona bonge la mtu. Laiti ningenyamaza siku ile, nikala wali wangu na maharage kama kawaida, wangemsema yule kijana bila kujua kwamba ni wangu.

Maana kusema wachezaji ni kazi niliyoijua. Timu hiyo nimeishabikia tangu sijaota ndevu. Nikiwa Dar nilikuwa mtu wa jukwaa la mzunguko, la tiketi za bei poa, na hapa Guangzhou, kwa miaka saba niliyokaa nikinunua suruali za jinzi na kuzisafirisha Kariakoo, mimi ndiye niliyekuwa naongoza uchambuzi kila timu inapocheza. Namba kumi aliyekuwepo kabla ya mwanangu nilimwita gogo, nikamwita gunia, nikamwita mwizi wa mshahara. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na moja. Sikuwahi kujiuliza kama ana baba, na kama huyo baba anasikia. Mkuki kwa nguruwe, wahenga walishasema, na mimi nilikuwa nauchoma kwa raha zangu zote.

Mechi za nyumbani nyingi huanza saa kumi jioni. Huku inakuwa saa tatu usiku, kila mtu yuko chumbani kwake na simu yake. Uchambuzi tunaufanya kesho yake mchana, mgahawani, kila mtu ameshalala na hasira zake na ameamka nazo.

Mechi tatu za kwanza wenzangu walikuwa na adabu. Walisema kijana ana kipaji, kijana ana macho, Mungu amkuze. Ya nne tulitoka sare na timu ndogo, na kesho yake adabu ikaisha. Aliyeanza ni jamaa wa mizigo, yule anayetupakilia bidhaa zetu kwenye kontena na kuzipeleka bandari ya Nansha. Huyu bwana huongea kama anavyopakia, hataki nafasi ibaki wazi.

"Mzee, kijana anajua, hilo hatubishani," aliniambia huku akichambua samaki wake. "Ila anakaa na mpira sana. Mwambie aachie mapema."

"Aachie mapema wapi?" akadakia mnunuzi mmoja wa simu, mtu wa Mwanza. "Tatizo lake ndiyo hilo, anaachia mapema mno. Namba kumi lazima aushike, avute watu. Mzee, mwambie atulie."

Mkongo mmoja aliyekuwa akila meza ya pili, ambaye timu yetu wala haimhusu, naye akageuka. "Papa, ule mutoto iko na akili ya mupira. Mwili ndiyo hauko. Umwambie akule."

Kila mtu alimalizia na "mwambie." Mguu wa kushoto hana, mwambie. Anamwogopa beki, mwambie. Na mimi nilikuwa nikitikisa kichwa, nikisema sawa, nitamwambia. Wallahi niliona ni heshima. Wangapi humu mjini wanaweza kumfikishia namba kumi maneno ya mashabiki akiwa bado kitandani?

Hapa lazima nieleze kazi yangu ilivyo, kwa sababu kosa lenyewe lilitoka humo. Mzigo wangu ukifika Kariakoo, wateja hawakosi la kusema. Zipu inakwama, pindo limepinda, rangi inachuja. Wananitumia picha. Mimi sibishani na mteja. Nakaa chini, naandika orodha ya kasoro kwa namba, kwenye kila picha nazungushia duara jekundu palipoharibika, halafu namtumia laoban wa kiwanda. Laoban ndiyo bosi, na huyu wangu ni mama mmoja mkavu sana, hana salamu wala pole. Hujibu neno moja tu, "hao," yaani sawa. Mzigo unaofuata unakuja umenyooka. Miaka saba njia hiyo haijanitupa, na ndiyo iliyonisomeshea watoto.

Basi siku ile, kabla hata sijanawa mikono, nilitoa simu nikaandika orodha ya kasoro za mwanangu. Zilikuwa saba. Nikatafuta vipande vya video ya mechi, nikavisimamisha pale alipokosea, nikazungushia duara jekundu. Mguu wake wa kushoto nikauzungushia. Nikamtumia. Huku ilikuwa mchana, kule ndiyo kwanza saa moja asubuhi, ikamkuta anaamka.

Akajibu, "Shikamoo baba. Sawa baba."

Nilifurahi kama nilivyozoea kufurahi nikiliona lile "hao." Niliwaonyesha wenzangu simu. Jamaa wa mizigo akanipiga bega, akasema huyu ndiye mzazi sasa.

Mechi iliyofuata alicheza kama mtu anayesomewa maelekezo sikioni na watu wawili. Anaupokea mpira, anataka kuachia, anakumbuka kutulia, anatulia, beki ameshafika. Alitolewa kipindi cha kwanza hakijaisha. Kesho yake mchana mgahawani wakasema ameingiwa na woga. Mwambie aondoe woga. Nikaandika orodha ya pili, na namba moja ikawa ni woga.

"Sawa baba."

Nilituma orodha tano kwa jumla. Sikuona kwamba namba zinaongezeka badala ya kupungua. Au niliona, ila nilikuwa na jibu: kiwanda kikikosea, unakibana zaidi. Mwanangu ni mtoto mtiifu, hajawahi kunijibu vibaya, na utiifu wake nilikuwa naujivunia kwa watu. Leo naandika haya nikiuonea uchungu. Angenitukana mara moja tu, angetuponya sote wawili.

Katika mechi moja kamera ilimsogelea wakati mpira umetoka. Niliona amezungushia plasta nyeupe mkononi, kwenye kifundo cha kushoto, na kila mchezo uliposimama alikuwa akiinua mkono na kuitazama. Nikadhani ameumia. Kesho yake nikamwuliza. Akasema hapana baba, niko sawa. Nikamwambia kama ni mkono asiuchezee, amwone daktari wa timu. Akasema sawa baba.

Siku mbili baadaye nilikuwa Zhanqian, nimekaa kwenye kigoda katikati ya marobota ya jinzi, napatana bei na muuzaji kijana. Yeye ananionyesha kikokotoo, mimi nasema "tai gui," ghali mno, anafuta anaandika upya, ndiyo desturi yetu. Simu ikaita. Alikuwa mke wangu.

"Baba watoto, wewe unamtumia nini huyu mtoto?"

"Namtumia ushauri. Kwani vipi?"

"Amekuja jana kutoka kambini kufua nguo zake, bado yuko hapa. Kwenye mfuko wa bukta nimekuta plasta, imeandikwa kwa kalamu ya wino. Ngoja nikusomee." Nikamsikia anaikunjua. "Achia mapema. Tulia. Usitulie sana. Kushoto. Kula. Usiogope. Halafu chini kaandika, baba anaangalia."

Muuzaji alivyoniona nimenyamaza nikikitazama kikokotoo chake, akadhani naikataa bei. Akapunguza. Nikazidi kunyamaza, akapunguza tena, akaanza kulalamika kwa Kichina kwamba namuua. Mke wangu upande wa pili akawa ananiita, upo? Nilikuwepo, lakini wa kazi gani? Niliondoka pale bila kununua hata suruali moja, na yule kijana akanifuata mpaka kwenye ngazi akiniita rafiki, rafiki.

Jioni ya Dar ilipofika nilimpigia mwanangu. Nilikuwa nimepanga maneno, nikizunguka chumba kizima kutoka kitandani mpaka mlangoni.

"Mwanangu, zile orodha zote zifute."

"Sawa baba."

"Zilikuwa za watu wa mgahawani. Hawajui mpira, hata mimi sijui mpira. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, baba."

"Wewe cheza unavyojua."

Nilisikia kelele za watoto mtaani kwetu, nilisikia mtu anatwanga kitu. Kisha akauliza kwa upole, bila hasira yoyote, kama mwanafunzi asiyetaka kumwudhi mwalimu. "Ninavyojua ndiyo vipi, baba?"

Mimi nimemwona mtoto huyu akipiga chenga kwenye uwanja wa mchanga akiwa na miaka sita, akicheka peke yake, hataki kuitwa kula. Nilitaka kumwambia, kama vile. Sikumwambia. Niliona hilo nalo litakuwa agizo jingine. Nikasema tu alale vizuri, amsalimie mama yake.

Hasira zangu nikazipeleka mgahawani. Kesho yake walipoanza tu kumtaja nikasimama, nikapiga meza, sahani zikaruka. Nikasema kuanzia leo asinitajie mtu jina la mwanangu hapa ndani. Atakayemtaja tutajuana. Mama mpishi alitoka jikoni na mwiko mkononi. Hakuna aliyecheka.

Jamaa wa mizigo aliweka kijiko chini. Niliona kweli ameumia. "Mzee, sisi tunampenda yule kijana. Ungekuwa humpendi mchezaji ungekaa macho kumwangalia?" Akakionyesha kiti changu kwa kidole. "Na yule wa kabla yake, wewe ulimwita gunia. Kwenye kiti hichohicho. Tulicheka wote."

Nilikaa. Kila neno lilikuwa kweli. Hawakuwa wabaya, na mimi sikuwa mwema kuliko wao. Tofauti yetu ilikuwa moja tu: wao walisema, mimi nilifikisha.

Niliwaza kwenda nyumbani. Niliulizia hata tiketi, na wakati mmoja nilipanda treni mpaka uwanja wa ndege wa Baiyun kumpokea mteja, nikajikuta nimesimama chini ya ubao wa ndege zinazoondoka kwa muda mrefu kuliko ulionipasa. Lakini ningefika ningefanya nini? Fimbo ya mbali haiui nyoka, sawa, ila nyoka mwenyewe nilikuwa mimi. Ningekaa jukwaani, angeinua macho, angeniona. Mke wangu alisema mwache. Nikamwacha. Hakuna kazi ngumu niliyowahi kufanya kama hiyo ya kutofanya kitu. Nilikuwa nachukua simu, naandika, "usijali," nafuta. "Tunakupenda," nafuta. Hata "Mungu akubariki" nikaona inafanana na orodha.

Mechi zilizofuata kocha alimweka benchi. Ya kwanza, ya pili. Ya tatu timu ilishinda mabao matatu, mchezo mtamu kweli, na nafasi yake ya namba kumi alicheza mwingine. Mwanangu nilimwona mara moja tu, kamera ilipopita benchi. Alikuwa amevaa kizibao cha wachezaji wa akiba, anapiga makofi kwa ajili ya wenzake. Alipita kwenye kioo cha simu na kutoweka, sikuwahi hata kuuona uso wake sawasawa.

Kesho yake mchana mgahawa ulikuwa na shangwe. Walisifu beki, walisifu kipa, walisifu mabadiliko ya kocha. Mwanangu hawakumtaja. Walitii agizo langu, wote, hata Mkongo. Nilikaa nasubiri mtu amseme, amwite goigoi, aseme lolote, nami sikupata. Ndipo nilipojua kwamba kusemwa si mwisho wa ubaya. Jamaa wa mizigo alinisogezea bakuli la pilipili bila kunitazama, nami nikampokea.

Simu ikatetemeka mezani. Kule ilikuwa saa moja asubuhi. Nikaona jina lake, nikaifungua haraka, nikidhani labda kocha amempeleka kwa mkopo, labda anaumwa, labda amechoka na mpira anataka kuacha, na hata hilo ningelipokea kwa mikono miwili.

"Shikamoo baba," alikuwa ameandika. "Siku nyingi hatujazungumza. Orodha ya mechi ya jana bado hujatuma. Nirekebishe nini?"

Mechi nzima hakuwa amegusa mpira hata mara moja.