Frewili ya Baba

Ujinga wa kwanza nilioufanya ni kuchomelea frewili ya baiskeli ya baba. Mambo mengine, ya usukani na keria, yalikuja baadaye, na hayo siyajutii sana.

Frewili ni kile kidude cha gurudumu la nyuma kinachokuruhusu kuacha kupiga pedeli na baiskeli iendelee kwenda. Ukiacha, kinalia: trrrrr. Nilikuwa nimeona video za vijana wa ng'ambo wakiendesha fiksi, baiskeli ambayo gurudumu na pedeli ni kitu kimoja, hakuna kupumzika. Yetu ni ile nyeusi, nzito, tunayoita mamba. Nikaamua siendi shule tena na chombo cha kubebea mahindi. Baba hakuwepo kunikataza. Yuko Qatar, analinda jengo ambalo, anasema, hata mwizi hawezi kulifikia kwa hilo joto. Alienda nikiwa darasa la sita. Kandarasi ikiisha, wanaongeza.

Fundi wa welding hapa Kiplombe aliigeuza ile frewili mkononi.

"Kijana, hii haijaharibika."

"Najua. Iharibu."

"Haitakubali upumzike."

"Fundi, mimi niko Form Three. Nishawahi kupumzika?"

Akachoma.

Siku ya kwanza, kwenye mteremko wa kwenda mtoni, nilisahau. Miguu ikaacha kupiga, vile ilivyozoea, lakini pedeli hazikuacha. Zilinirusha nikatua kwenye majani ya ng'ombe wa jirani, na ng'ombe mwenyewe akaniangalia bila heshima yoyote. Breki nilikuwa nimezitoa zote, kwa sababu watu wa fiksi hawatumii breki. Nadhani hao watu hawakai Kiplombe.

Nikarudisha breki ya mbele. Muhula uliofuata nikabadilisha sungura wangu na usukani mwembamba. Likizo ya Desemba nikatoa madigadi ya kuzuia matope, nikakata keria ya mizigo. Kila nilichotoa, mama alikiokota, akakipanguza, akakisukuma chini ya kitanda chake. Kiti tu ndicho sikugusa. Kilikuwa kimebonyea vile baba hukaa, na mimi, na haya makalio yangu ya njaa, nilikuwa nateleza ndani ya bonde lake kila asubuhi kwenye ukungu.

Baba akipiga simu Jumapili alikuwa anauliza mambo mawili: kama nasoma, na kama mamba yake iko.

"Iko, baba. Nimeiongezea maujanja."

"Usiongeze sana, nisije nikapishana nayo barabarani kama mgeni."

Akacheka, na simu ikakatika hapo hapo kwenye kicheko, kama kawaida yake. Nilibaki nimeishikilia sikioni. Nilichotaka ni siku moja asimame hapo uani, aizunguke hiyo baiskeli, aseme nimeitunza.

Jioni moja mvua ikinikaribia nilifika nyumbani mbio. Mama alikuwa anasonga ugali, amenipa mgongo. Nikasema, "Mama," na mwiko ukaanguka.

"Ai! Kila siku unanishtua siku hizi. Kwani umekuja kwa miguu?"

"Na baiskeli, mama. Iko nje."

Akatoka. Akainua gurudumu la nyuma, akalizungusha kwa mkono, akainamisha sikio kama mtu anayesikiliza redio ya betri zilizochoka. Pedeli zikazunguka nalo. Kimya.

Hapo ndipo nilikumbuka. Zamani, jioni, baba akirudi, ile trrrrr ilikuwa inateremka njia kabla mbwa hajabweka, na mama anabandika chai. Baba alipoenda na mimi nikaanza kuiendesha, aliendelea kubandika. Nilikuwa nadhani hiyo chai ni yangu.

"Ile sauti umeipeleka wapi?"

"Nilichomelea, mama. Ndio niwe nafika haraka."

Akaishusha baiskeli polepole, kama kitu kilicholala.

"Wewe ingia tu kama mwizi, nitakuzoea," akasema. "Lakini huyo mwingine akirudi, chai nitabandika nikisikia nini?"