Mwanya wa Mke Wangu

Mke wangu alikuwa akitema damu kila alipopiga mswaki, na mwanzoni hatukujali. Tulikuwa tumeondolewa shambani na serikali ya kikoloni na kujengeshwa vibanda vilivyobanana katika kijiji cha Hali ya Hatari, chini kidogo ya Karurumo. Kijiji kilizungukwa na handaki lililojaa miti iliyochongwa ncha. Watu walikuwa na mengi ya kulalamikia kabla ya kufika kwenye fizi.

Mimi nilikuwa mwalimu, nimesoma hadi kidato cha pili, kwa hiyo sikuitwa kuchimba handaki. Yeye aliitwa. Asubuhi alibeba udongo, jioni alirudi akiwa ameziba mdomo kwa pembe ya leso, maana pumzi yake ilikuwa imeanza kunuka na yeye mwenyewe alijua. Nilimpa ushauri niliopewa na mama yangu: ufizi ukitoa damu, usiuguse kwa mswaki mpaka upone. Akauacha. Ukavimba, ukawa mwekundu kama nyama mbichi.

Mkuu wa kijiji alimpa pasi, kile kibali cha kutoka nje ya handaki, akapanda lori la wagonjwa hadi hospitali ya misheni, juu huko upande wa Meru. Aliporudi, shavu la kulia lilikuwa limekufa ganzi na mate yakimtoka bila yeye kujua. Lakini alikuwa na maneno mengi.

"Baba watoto, kumbe chini ya ufizi kuna mawe!"

"Mawe gani?"

"Ukoga. Ule wa juu tunauona, lakini mwingine umejificha chini, umegandamana na mzizi wa jino. Ndio unaotafuna ufizi kutoka ndani. Ana kijichuma kimepinda kama kucha ya kuku. Anakiingiza taratibu, anakwangua, unasikia kichwani kwako krr, krr. Ananionyesha kila kipande. Vyeusi!"

"Nani huyo?"

"Mhudumu wa meno. Mmeru wa Ruiri. Anachekesha huyo! Aliniambia, 'Dada, hapa ndani umejenga kijiji kingine, na hiki hakina hata pasi.'"

Alicheka peke yake. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshika neno moja tu, dada.

Alikuwa amesafishiwa upande wa kulia na meno ya mbele. Upande wa kushoto ungefuata baada ya majuma machache, ili asikose kabisa pa kutafunia. Alipewa mswaki laini na kuambiwa asukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Alifuata maagizo hayo kwa bidii ambayo hakuwahi kuyapa maagizo yangu yoyote. Uvimbe ukashuka. Harufu ikapungua. Kisha, katikati ya meno mawili ya juu ya mbele, ukatokea mwanya.

Msomaji wa kwingine huenda asielewe uzito wa jambo hili. Kwetu mwanya ni urembo. Nilipokuwa mdogo bado walikuwako wazee waliojua kuuchonga, na msichana akichongewa, ilijulikana kuwa kuna mwanamume anayetazamiwa kumwona akicheka. Nilimwoa mke wangu akiwa hana mwanya. Sasa alikuwa nao, na haukutoka kwangu.

Wanawake waliuona kabla sijasema neno. Nilikuwa napita karibu na mtoni walikochota maji chini ya ulinzi.

"Ii, mke wa mwalimu! Umechongewa mwanya ukiwa na watoto watatu?"

"Amechongewa na nani? Na mwalimu?"

"Mwalimu anajua kuchonga penseli tu!"

Wakaangua kicheko. Mke wangu naye alicheka, kichwa nyuma, bila leso mdomoni. Ilikuwa miaka tangu nimwone akicheka hivyo, na walinzi wawili walikuwa wakimtazama. Nilirudi nyumbani nikiwa nimechemka.

"Alikuchongea?" nilimuuliza alipotua mtungi.

"Nani?"

"Huyo kaka yako wa Ruiri."

Alinitazama kama mtu anayetafuta mzaha usoni pangu. "Hakuchonga kitu. Uvimbe umeshuka, ndipo ukaonekana."

"Kwa hiyo ulikuwa nao siku zote, mimi kipofu?"

"Sijui, Mwalimu." Aliniita hivyo alipochoka nami. "Nitamuuliza nikirudi."

"Hurudi."

"Na upande huu?" Alijigusa shavu la kushoto.

"Utapona kwa mswaki huohuo uliopewa."

Nilijua usingeweza kupona hivyo. Alikuwa amenieleza vizuri kwamba mswaki haufiki chini kule. Hata hivyo nilikwenda kwa mkuu wa kijiji, nikamwambia mke wangu amepona, asimpe tena nafasi kwenye lori. Alinikubalia mara moja. Wakati ule mwanamume aliyetaka kumfungia mkewe hakuhitaji kufuli. Serikali ilikuwa imeshamchimbia handaki.

Hakubishana tena. Alihamia upande wa kulia. Alitafuna mahindi kwa upande huo, akalala shavu hilo likiwa chini, na aliponisemesha alinigeuzia huo. Mimi nililala nikiwaza mikono ya mwanamume mwingine kinywani mwake, mahali ambapo hata mimi sikuwahi kutia kidole. Nilichukia kijichuma. Nilichukia hata chumvi.

Kisha upande wa kushoto ukatunga usaha. Niliporudi kutoka shuleni nikamkuta akiponda githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, kwa mwiko hadi iwe uji, apate kumeza. Nikakimbilia kwa mkuu wa kijiji. Akaniambia barabara ya juu imefungwa, kuna mapigano msituni, hakuna lori. Kila nilipomwendea alinijibu hivyohivyo. Lilipopatikana lori, msimu wa mvua ulikuwa umekuja na kwisha.

Safari hii nilikwenda naye. Mhudumu alikuwa wa rika langu, nywele kazigawa kwa mstari, anapiga mluzi akichemsha vyombo. Nilimtazama mikono. Ilikuwa misafi kuliko yangu. Aliligusa jino la nyuma la kushoto kwa kidole, likacheza. Akagusa linalofuata. Mluzi ukakoma.

"Dada, nilikungoja. Ulikuwa wapi?"

Mke wangu hakunitazama. "Nyumbani," alisema.

Nikajikuta nauliza, kwa sauti niliyotumia darasani, "Na huu mwanya wa mbele, ulimchongea wa nini?"

Mhudumu aligeuka. Nadhani alielewa yote hapohapo, lakini alinijibu kama ambavyo angemjibu mgonjwa yeyote. "Huo haukuchongwa, mwalimu. Ugonjwa umekula mfupa, meno yakaachana. Uvimbe ulikuwa umeuziba tu. Nilipousafisha, pengo likabaki. Kama ningeweza kulifunga, ningelifunga."

Kumbe nilichomwonea wivu mwanamume yule kilikuwa kidonda.

Upande wa kushoto haukuwa tena wa kusafishwa. Meno manne yalikuwa ya kung'olewa. Mhudumu alipomchoma sindano, nilinyoosha mkono wangu mke wangu aushike. Hakuushika. Alishika pindo la koti jeupe la mhudumu, akalikunja ngumini, na hakuliachia mpaka jino la mwisho lilipoangukia sahani. Nilibaki nimenyoosha mkono, na wivu ule ule ukanipanda, hata hapo, mbele ya damu yake.

Mhudumu alimwekea pamba, akamwambia upande wa kulia lazima ukaguliwe na kukwanguliwa tena kila baada ya miezi kadhaa, la sivyo nao utafuata. Kisha akanigeukia.

"Atakuja na nani?"

Nilifungua mdomo. Mke wangu akawahi, akisema kwa shida kupitia pamba:

"Nitakuja mwenyewe."

Na alikwenda mwenyewe, kila mara. Mimi nilikwenda kumwombea pasi ya mtu mmoja.